Hizi programu za "kusafisha" kompyuta: majibu ya skani yameandikwa hata kabla hujabonyeza

#1 Mshumaa

Wakuu, salaam.

Nina dai, na anayepinga aje na hoja. Zile programu zinazojitokeza zenyewe kwenye skrini, zikasema kompyuta yako imejaa majasusi (programu zinazokupeleleza kwa siri), kisha zikadai pesa ili ziwatoe, hazijakagua chochote. Namba unayoiona waliiandika wao siku nyingi kabla hujawasha mashine.

Nimefika hapo baada ya baba yangu mdogo kulipa. Ni mtu makini, hesabu zake zote anaziandika daftarini kwa kalamu mbili. Alikuwa anasoma habari mtandaoni, likafunguka dirisha, likaanza kuhesabu: faili 3, faili 11, faili 40, kila moja na alama nyekundu. Mwisho likasema vitisho 347. Akatoa kadi. Aliponipigia alikuwa na furaha, ananieleza jinsi alivyoziokoa picha za mazishi ya mama yake.

Nikaichukua ile programu, nikaiweka kwenye mashine nyingine niliyoipiga Windows asubuhi hiyo hiyo, haijagusa intaneti hata mara moja. Vitisho 347. Nikakodolea macho taa ya diski. Skani inadai inapitia maelfu ya faili, taa imetulia, inapepesa mara moja moja kama ya mashine iliyoachwa tu mezani. Na ile orodha ikataja faili tisa ndani ya folda ambayo kwenye mashine ile haipo kabisa.

Swali langu: kwa nini mtu makini kama yule anaingia?

#2 Kipanya Kizee

Siti ya mbele. Pole kwa baba mdogo, mkuu.

Jibu ni hofu. Mtu akisikia mayowe kwamba nyumba inaungua hakai kuuliza nani kapiga yowe. Namba zinapanda mbele ya macho yako, kengele inalia, na chini kuna kitufe kimoja tu kikubwa. Hapo akili imeshahama.

#3 Fundi Nyaya

Naunga mkono dai, ila hofu peke yake haitoshi kueleza.

Nimetengeneza kompyuta tangu enzi za Windows XP. Ile miaka ya 2005 mpaka 2010 wiki haikupita bila kuletewa mashine yenye SpySheriff, WinFixer, Antivirus XP 2008 au Windows Police Pro. Vijana wa sasa wanaoyajua haya kama madirisha ya kivinjari tu hawajui yalivyokuwa.

Unawasha, picha ya watoto uliyoweka kwenye skrini imeondolewa, badala yake kuna onyo jekundu. Unaita Task Manager, lile dirisha la kuzima programu zilizokwama, unaambiwa msimamizi ameizima. Unafungua Notepad, Notepad ya watu isiyo na kosa, inafungwa papo hapo na ujumbe kwamba ina kirusi. Ukijaribu kwenda kwenye tovuti ya antivirusi halisi hufiki, kwa sababu faili ya hosts, inayoielekeza mashine tovuti ipo wapi, imeshachezewa. Njia yetu mojawapo ilikuwa kuchukua programu ya kuondolea uchafu na kuibadilisha jina iitwe iexplore.exe, jina la kivinjari cha Windows. Unajua kwa nini ilikubali? Kivinjari ndicho kitu pekee walichokiacha kifunguke. Bila kivinjari ungelipaje?

Mteja wa namna hiyo halipi kwa sababu ameamini. Analipa kwa sababu kesho asubuhi anatakiwa kukabidhi kazi na mashine imeshikwa. Na XP ilisaidia sana, karibu kila mtu alikuwa anaingia kwa akaunti yenye mamlaka yote, kwa hiyo kikiingia kimeingia na funguo za nyumba nzima.

#4 Nahodha wa Usiku

Hawa watu walishakamatwa lakini. FBI waliipiga ile kampuni ya Ukraine faini ya dola milioni 163.

#5 Jabali

Mkuu #4, umechanganya kesi mbili. Nizitenganishe maana zinajibu swali la #1 kwa sehemu.

Dola milioni 163 haikuwa FBI. Ni FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, iliyofungua kesi Desemba 2008 dhidi ya Innovative Marketing na wenzake. Kampuni ilisajiliwa Belize, kazi yenyewe ikifanyika Kyiv. Hao ndio waliouza WinFixer, WinAntivirus, DriveCleaner, ErrorSafe na XP Antivirus. FTC ilisema walionunua ni zaidi ya milioni 1. Amri ya hizo dola milioni 163 ilitoka 2012, dhidi ya kiongozi mmoja wa kampuni aliyeendelea kupambana na kesi, na mahakama ya rufani ikaithibitisha 2014.

Ya FBI ni Juni 2011, iliitwa Operation Trident Tribunal. Pale kundi moja lilikisiwa kuwapata watu 960,000 na kuwatoa dola milioni 72.

Sasa #1, watu laki tisa na ushee hawawezi wote kuwa wazembe. Baba yako mdogo yupo kwenye msafara mrefu sana.

#6 Tunda Bivu

Ndiyo maana mimi natumia Mac. Haya mambo ni ya Windows.

#7 Fundi Nyaya

Dada, tafuta habari za Mac Defender, Mei 2011. Ilikuja kupitia matokeo ya kutafuta picha kwenye Google. Unabonyeza picha, unaletewa skani ya uongo, faili inashuka yenyewe na Safari inaifungua yenyewe, kwa sababu ilikuwa na mpangilio wa kufungua mafaili iliyoyaona "salama". Ikishaingia ilikuwa inakufungulia tovuti za ngono ghafla, bila wewe kugusa kitu, ili uamini kweli umeambukizwa. Lilipofuata toleo lake jingine halikuomba hata nywila. Apple walitoa sasisho la kuiondoa tarehe 31 Mei mwaka huo.

Kuna lingine nililoliona kwa macho yangu. Mteja wangu alikuwa anatumia Linux, akaniita na wasiwasi mkubwa: skrini inamwonyesha diski C: na folda ya My Documents zikikaguliwa. Kwenye Linux hakuna diski C:. Ilikuwa picha ya dirisha la XP iliyochorwa ndani ya ukurasa wa wavuti, na virusi vinadondoka mmoja mmoja.

#8 Kipanya Kizee

Vinadondoka kimoja kimoja, fundi. Kirusi, virusi. Ki-vi.

#9 Fundi Nyaya

Nimekubali mwalimu. Kimoja kimoja.

#10 Tunda Bivu

Hiyo ya 2011 sikuijua kabisa. Asante kwa kunirekebisha. Nafuta msimamo wangu.

#11 Mhasibu Mstaafu

Habari zenu. Nimesoma yote. Nadhani mnatazama mlango wa mbele, wakati pesa inatokea nyuma.

Mwizi wa mfukoni hana haja na benki. Hawa wanaihitaji. Lazima wapokee malipo ya kadi, kwa hiyo lazima kuna mtu wa malipo aliyekubali kuwafungulia akaunti ya biashara, na anaona kila mwezi wateja wangapi wanarudi kulalamika. Kama hao wa malipo wangekataa, programu ingebaki na vitisho vyake 347 na isingepata senti.

Ila kuna kitu kinanitatiza. Miaka ile jirani yangu alinunua moja ya hizi, akagundua ametapeliwa, akawaandikia kwa hasira kwamba anakwenda benki. Wakamrudishia pesa yote ndani ya siku chache, na barua ya kuomba radhi. Tapeli gani anarudisha pesa? Hapo nilibaki nikijiuliza kama kweli walikuwa matapeli au wafanyabiashara wabovu tu.

#12 Jabali

Mzee #11, swali zuri kuliko yote humu.

Watafiti wa chuo kikuu cha California, tawi la Santa Barbara, walipata seva za ndani za makundi matatu ya biashara hii na kuchapisha walichokiona mwaka 2011. Mapato ya makundi hayo yalipita dola milioni 130. Na kuhusu kurudisha pesa waliona hivi: malalamiko yaliyofika benki yakikaribia kiwango ambacho kampuni ya malipo ingewafungia akaunti, makundi yanaanza kurudisha pesa kwa wingi. Yakishuka, yanakaza tena.

Jirani yako alirudishiwa kwa sababu alitaja neno benki. Asiyelitaja hakupata.

#13 Mhasibu Mstaafu

Basi nimeelewa. Hiyo ni hesabu ya kitaalamu kabisa. Inaniumiza kujua kuna mtu alikaa na jedwali kama nilivyokaa mimi miaka thelathini, akapanga nani arudishiwe na nani aachwe.

#14 Ua la Asubuhi

Mimi sioni kama kiini ni benki. Kiini ni matangazo.

Septemba 2009 wasomaji wa tovuti ya New York Times walitokewa na dirisha hilo hilo la "kompyuta yako imeambukizwa". Si tovuti ya uchochoroni. Matapeli walinunua nafasi wakijifanya kampuni inayojulikana ya simu za intaneti, wakaweka tangazo la kawaida kwanza, mwishoni mwa wiki wakalibadilisha. Moja ya kesi za mwaka 2011 alizogusa #5 ilikuwa hivyo hivyo: walijifanya wakala wa matangazo wa hoteli za Marekani, wakaliuzia gazeti la Minneapolis Star Tribune tangazo. Wafanyakazi wa gazeti walilijaribu, likaonekana safi. Baadaye likageuzwa.

Kwa hiyo baba mdogo wa #1 alikuwa anasoma habari, mahali anapopaamini. Onyo likatokea pale pale. Mtu anaposoma gazeti lake hategemei ukurasa wa tatu umchomoe pochi.

#15 Nahodha wa Usiku

Nikubali kosa langu la #4, asante Jabali. Niongeze nyingine ambayo nina uhakika nayo: Conficker. Mnyoo ule uliotisha dunia nzima, watu wakauliza umetengenezwa kwa ajili gani. Aprili 2009 toleo lake moja likaanza kushusha kwenye mashine zilizoambukizwa programu iitwayo SpyProtect 2009, inadai dola 49.95 iondoe wadudu. Yaani kirusi halisi kinaingia kwa siri, kisha kinamwita daktari wa uongo.

Kwa hiyo hata dai la #1, ukilisoma kwamba hakuna ugonjwa wowote, si kweli mara zote. Mwathirika wa Conficker alikuwa na ugonjwa kweli. Alichouziwa ndicho hakikuwa dawa.

#16 Mshumaa

Hapo umenishika, mkuu. Nirekebishe: ugonjwa unaweza kuwepo, ila ile orodha haiuonyeshi.

#17 Mwana wa Kibodi

Nimechelewa kidogo, ila naona mnawalaumu wezi peke yao. Mimi nawalaumu na wale halali.

Programu nyingi za kulinda kompyuta zilitufundisha kuogopa namba. Unaskani, inakuja "vitu 212 vimepatikana". Ukifungua orodha, 209 ni kuki za kivinjari, vijifaili vya maandishi vinavyokumbuka umeingia tovuti gani. Kuki inaweza kukufuatilia kwa ajili ya matangazo, ndiyo, lakini haiwezi kujiendesha wala kuiba nywila yako inayoandikwa. Kuihesabu kwenye safu moja na kijasusi kinachorekodi kibodi ni kumdanganya mtu kwa ukweli nusu. Na siku leseni inakaribia kuisha, ngao inageuka nyekundu: "HAUKO SALAMA". Tapeli hakubuni kitu. Rangi, ngao, namba na maneno, vyote alivikuta vimeshazoeleka machoni pa watu, akaviazima.

Na majina pia. Spybot - Search & Destroy na Ad-Aware zilikuwa programu za kweli na zilisaidia watu wengi. Zikazungukwa na msitu wa majina yaanzayo na Spy na Ad, mtu wa kawaida atatofautishaje?

#18 Fundi Nyaya

Mwana wa Kibodi, nakubali nusu. Usiwaweke kapu moja. Microsoft walinunua kampuni ya GIANT mwishoni mwa 2004 na mwaka uliofuata wakaigawa ile programu ya kuzuia majasusi bure, ndiyo iliyokuja kuwa Windows Defender. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, antivirusi kamili imo ndani. Tangu hapo mtu wa matumizi ya nyumbani hana ulazima wa kununua chochote, na biashara ya zile feki za kushika mashine ilipungua mbele ya macho yangu.

#19 Kipanya Kizee

Fundi, ilipungua au ilibadilisha nguo?

#20 Jabali

Ilibadilisha nguo, na #17 ana ushahidi zaidi ya alioutoa.

Machi 2019 Office Depot, duka kubwa la vifaa vya ofisi Marekani, na Support.com walikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza kesi ya FTC. Walikuwa na huduma ya bure ya kukagua kompyuta, PC Health Check. Mfanyakazi anakuuliza maswali manne: mashine ni nzito? inajizimazima? na kadhalika. Ukijibu "ndiyo" hata kwa moja, anaweka alama. Mwisho wa skani programu inasema kuna dalili za virusi. FTC ilisema matokeo hayo yalitegemea zile alama, si kilichokutwa kwenye diski.

Mshumaa, dai lako la #1 limesimama neno kwa neno, na ndani ya duka lenye mlango na risiti.

Halafu Machi 2024, Restoro na Reimage, dola milioni 26. Hao walitumia madirisha yanayofanana na ya Windows, unaskani, unaambiwa hali mbaya, unanunua, kisha unatakiwa kupiga simu ili uiwashe. Kwenye simu wanakuuzia matengenezo ya bei kubwa zaidi.

#21 Mshumaa

Hayo maswali manne yamenikosesha usingizi kidogo. Mtu anapeleka mashine kwa sababu ni nzito, anasema ni nzito, anaambiwa "ni nzito, kwa hiyo una virusi". Amelipishwa maneno yake mwenyewe.

Baba mdogo bado haamini, kwa njia. Ananijibu: "Mbona baada ya kulipa maonyo yaliacha?" Nimjibuje?

#22 Fundi Nyaya

Mwambie yaliacha kwa sababu aliyekuwa anayatuma ndiye aliyelipwa. Ukiweka namba ya leseni, programu inaacha kupiga kelele. Hiyo ndiyo kazi pekee inayoifanya kwa uaminifu.

#23 Mhasibu Mstaafu

Na akishaelewa, asikae. Aende benki yake apinge yale malipo, aeleze kwamba alidanganywa, na kadi ifungwe atolewe nyingine, kwa sababu namba ile ipo mikononi mwao na wanaweza kukata tena. Asiwapigie kwa simu iliyoandikwa kwenye skrini. Namba ya benki aichukue nyuma ya kadi. Na leo, si wiki ijayo, kwani kupinga malipo kuna muda wake.

#24 Ua la Asubuhi

Nadandia uzi kwa shida yangu. Laptopu yangu kila nikiwasha, pembeni chini kulia linatokea onyo: "Kijasusi 5 vimepatikana, bonyeza hapa". Nimeskani kwa Defender mara tatu, ni safi. Nimeondoa programu zote nisizozijua. Bado linakuja. Je, ni kirusi kilichojificha?

#25 Kipanya Kizee

"Kijasusi 5 vimepatikana". Hata ki-vi imewashinda. Usiwalipe hao.

#26 Mwana wa Kibodi

Dada Ua, wala hakuna programu. Kuna siku ulifungua tovuti ikakwambia "bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti" au "Ruhusu ili video ianze". Ukabonyeza. Uliiruhusu tovuti ikutumie arifa, na arifa za kivinjari zinatokea pembeni kama za Windows yenyewe. Defender haioni kitu kwa sababu hakuna kilichowekwa.

Ingia mipangilio ya kivinjari, sehemu ya faragha, kisha ruhusa za tovuti, kisha arifa. Utakuta orodha ya zilizoruhusiwa. Toa zote usizozitambua. Ukitaka amani kabisa, zima kuomba ruhusa kwenyewe.

#27 Nahodha wa Usiku

Kwenye simu ni vile vile, nilishatoa saba za mama mkwe.

#28 Jabali

Ndiyo maana sikubaliani na fundi wa #18 wala na #2 wala na mimi mwenyewe wa #5. Enzi za XP ilikuwa kushikwa mateka, kwenye matangazo ikawa kuaminiwa kwa gazeti, sasa ni kitufe cha Ruhusu. Kila mmoja humu ana kipindi chake na amekieleza sawasawa.

#29 Fundi Nyaya

Mimi bado nasema kama watu wangeacha kutumia akaunti ya msimamizi tungeokoa nusu yao.

#30 Mhasibu Mstaafu

Na mimi bado nasema kampuni za malipo.

#31 Ua la Asubuhi

Nimerudi. Nimefungua ile orodha ya arifa. Zilikuwa tovuti kumi na nne. Moja naikumbuka, ni ya mapishi. Kumi na tatu majina yake ni herufi na tarakimu tu, hayasomeki. Nimezifuta zote, nikazima mashine, nikawasha, nikakaa naiangalia ile kona ya kulia dakika kumi nzima. Haikutokea kitu.

#32 Mshumaa

Dada Ua, niandikie hatua kwa hatua ulivyobonyeza, kwa maneno rahisi. Jumapili nakwenda kwa baba mdogo na nataka aifungue hiyo orodha kwa mkono wake, mimi nikae pembeni.